Mkishuka kula, mtaongea

Mume wangu akishika usukani hasimami. Mwaka 2016, miezi michache baada ya harusi, tulitoka Shinyanga kwenda Geita kwa biskuti na soda tu. Mpaka tunaiacha Usagara tulikuwa tumenuniana.

Kilichotuokoa ni foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi. Utake usitake, unashuka. Tukamla sato wa kukaanga kwa mama lishe, sahani moja, mikono miwili. Katikati ya miiba mwenzangu akafunguka: kazi ya mgodini imemchosha, anataka kuacha, alikuwa anaogopa kuniambia. Garini hakuthubutu!

Tangu Juni 2025 kuna Daraja la JPM, la kilomita 3 hivi. Unavuka kwa dakika chache, raha kweli. Ila sasa hakuna wa kukulazimisha kushuka, lazima muamue wenyewe.

Mkipita huku, fanyeni hivi:

Shinyanga: nunueni matobolwa sokoni, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa. Vinatafunwa njiani. Msichanganye na michembe, hiyo hukaushwa mbichi na inataka kupikwa, tamu sana na karanga.

Ziwani: mchague sato wenu wenyewe, akaangwe mkiona. Agizeni na ugali wa udaga.

Popote: fuateni madereva wa malori. Wanapojaa, chakula hakilali.

Na simu zibaki garini, jamani. Mume wangu kazi aliiacha. Kusimama Kigongo hatujaacha.