Somo la Kiingereza: Maneno Yenye Mwisho wa -ing

Leo tutasoma habari za herufi tatu, i, n na g, ambazo Waingereza huzitia mwishoni mwa vitenzi vyao. "Cook" ni pika. Tukiongeza herufi hizo twapata "cooking".

Kwanza tutamke. Mwisho huu hausemwi kama ng ya ngoma. Semeni ng'ombe. Sasa ichukueni sauti ile ya mwanzo wa ng'ombe, muiweke mwishoni: "cooking". Waingereza wenyewe hupata taabu kuisema mwanzoni mwa neno, lakini sisi tunayo tangu utotoni.

Kazi ya kwanza ya -ing ni kuonyesha kwamba tendo linaendelea. Mgeni akiuliza mama yuko wapi, mwajibu, "She is cooking", yaani anapika sasa hivi. Mkisema "She cooks", maana yake yeye hupika. Ndiyo desturi yake, hata kama saa hii amelala. Basi hu- yetu itawasaidia kutofautisha. Tena angalieni: neno hili halisimami peke yake. Hutanguliwa na "am", "is" au "are", na kwa wakati uliopita "was" au "were". "She cooking" ni kama kusema "yeye kupika".

Hapa wengi hujikwaa. Sisi twasema ninapika, na vile vile twasema ninajua na ninataka; -na- ni ile ile. Kwa hiyo mtu huandika "I am knowing". Kiingereza hakikubali, kwa kuwa kujua ni hali, si tendo la kuanza na kumaliza kama kupika. Semeni "I know", "I want". Na katika barua ya kuomba kazi msiandike "I am having three children". Andikeni "I have three children".

Kazi ya pili ni kuligeuza tendo kuwa jina, kama ifanyavyo ku- yetu. "Reading" ni kusoma. Mmeiona katika vibao: "No smoking", ni marufuku kuvuta sigara.

Sasa sikilizeni vizuri, maana jambo hili laweza kumdhuru mtu. Karatasi ya dawa yaweza kusema: "If your face swells, stop taking the tablets." Yaani uso ukivimba, acha kumeza vidonge. Lakini "stop to take the tablets" maana yake ni simama kwanza, upate kuvimeza! Kwa Kiswahili kote kote twasema kumeza, ndiyo sababu ni rahisi kukosea. Shikeni hili: baada ya "stop", tendo lenye -ing ndilo linaloachwa.

Kazi ya tatu ni kueleza jina. "Running water" ni maji yanayotiririka. Je, "drinking water" ni maji yanayokunywa? Hasha, ni maji ya kunywa. Mbona -ing moja ina tabia mbili? Zamani, kabla ya mwaka 1100, Kiingereza kilikuwa na miisho miwili: -ende, wa kumweleza mtendaji, na -ung au -ing, wa kulitaja tendo. Karne zilivyopita miisho hiyo ikachanganyika, ikabaki -ing tu. Kwa hiyo mkikutana na neno la namna hii, jiulizeni: kitu hiki chatenda, au ni cha kutumiwa kwa tendo hilo?

Kuhusu kuandika: e ya mwisho isiyotamkwa kwa kawaida huondoka, "write" ikawa "writing", na "run" huongeza n, ikawa "running". Wala si kila -ing ni mwisho wa kitenzi. "King" ni mfalme, na "morning" ni asubuhi.

Haya, chukueni penseli. Andikeni sentensi hizi tatu:

The water is boiling.
Boiling water burns.
Boiling the water kills germs.

Zifasirini kwa Kiswahili, na kando ya kila moja andikeni "boiling" yafanya kazi gani, ya kwanza, ya pili au ya tatu. Mpangilio wake si ule niliowafundisha. Tutasahihisha katika somo lijalo. Kwaherini.