Neno Moja Lililotuponza

Wanafunzi wangu wa isimu hushangaa wanisikiapo nikizungumzia uundaji wa programu za tarakilishi. Mwalimu wa ngeli na viambishi ana lipi na mambo hayo? Nami nilijiuliza vivyo hivyo hadi nilipoalikwa, miaka kadhaa iliyopita, kukishauri kikundi kilichokuwa kikiunda programu ya kukagua tahajia ya Kiswahili.

Kikundi hicho kilifuata mtindo uitwao maporomoko ya maji. Kwanza mahitaji yote huandikwa. Kisha programu husanifiwa, huandikwa, hujaribiwa, na hatimaye hukabidhiwa watumiaji. Kila hatua sharti ikamilike na kutiwa sahihi kabla ya nyingine kuanza. Na maji, kama ijulikanavyo, hayapandi mlima.

Simo miongoni mwa wanaoubeza mtindo huu. Mfanyakazi akihama, anayemrithi hukuta maelezo mezani. Mwenye fedha hujua aahidiwacho. Tena kosa likigunduliwa lingali karatasini, hufutwa kwa kalamu tu. (Walimu wanaosimamia miradi wanawajua wanafunzi waandikao mahitaji baada ya programu kukamilika!) Pale ambapo mahitaji yanafahamika barabara na hayabadiliki, sioni sababu ya kuutupa.

Hata hivyo, mtindo huu wategemea dhana ambayo mwanaisimu hakupaswa kuikubali: kwamba wote waliotia sahihi wameyaelewa maneno kwa maana moja. Hati yetu ilisema kuwa programu itakuwa na orodha ya maneno yote ya Kiswahili. Nikaitia sahihi. Kwangu mimi, "soma" lilikuwa neno moja pamoja na maumbo yake yote. Kwa waandishi wa programu, neno lilikuwa herufi zilizo kati ya nafasi mbili. Nikawapa vidahizo vya kamusi nikidhani kwamba wataunda kanuni za viambishi; wao wakadhani orodha imetimia.

Miezi ikapita. Siku ya majaribio tuliiwekea programu aya moja ya gazeti, nayo ikapiga mstari mwekundu chini ya "hatujamsomea", chini ya "walipotupikia", chini ya "asiyechezewa". Karibu kila kitenzi kilikuwa kosa! Kitenzi kimoja cha Kiswahili huweza kuzaa maelfu ya maumbo, wala hapana karani awezaye kuyaorodhesha yote. Lau tungaliijaribu aya hiyo katika juma la pili, kwa programu ndogo isiyo na madoido, kosa lingalijitokeza asubuhi hiyo hiyo.

Ajabu ni kwamba Winston Royce, Mmarekani ambaye makala yake ya mwaka 1970 hutajwa kuwa chimbuko la mtindo huu, hakuusifu. Alipokwisha kuzichora hatua hizo, alionya kwamba kuzifuata hivyo tu ni kujitakia hasara, akashauri kwamba programu isiyowahi kuundwa iundwe mara mbili, ile ya kwanza ikiwa ya majaribio. Wengi waliuchukua mchoro wakayaacha maelezo.

Sisi tulipoomba hati ifunguliwe upya, tuliambiwa kwamba fedha za hatua hiyo zimekwisha. Programu ikakabidhiwa na orodha yake ile ile. Hati bado ninayo. Kila mwaka huwasomea wanafunzi wapya sentensi ile na kuwauliza neno ni nini, na hadi leo hawajapata kukubaliana.