Nini Maana ya Jambo Lisilo Endelevu?

Mwanafunzi asomaye Kiingereza hukutana na kitenzi 'sustain' mahali pengi, na maana zake huonekana kutopatana. Hakimu akilikubali pingamizi la wakili, hutumia kitenzi hicho. Mtu akijeruhiwa katika ajali ya gari, taarifa ya polisi hukitumia tena kwa majeraha aliyoyapata. Kisha mwalimu wa jiografia huandika ubaoni neno refu, 'unsustainability', ambalo ni kitenzi kile kile kilichovikwa viambishi vitatu: cha kukanusha, cha uwezekano, na cha kuonyesha hali.

Asili ya kitenzi hicho ni Kilatini, 'sustinere', yaani kukishika kitu kwa chini kisianguke, kama nguzo ishikavyo paa. Hakimu huliacha pingamizi lisimame; majeruhi huubeba uzito wa pigo. Hata neno 'untenable', litumikalo kwa hoja isiyoweza kutetewa, ni la ukoo huo huo, kwani limetokana na kushika. Kwa hiyo 'unsustainability' ni hali ya jambo ambalo haliwezi kushikiliwa muda mrefu katika mwendo lilio nao.

Kiswahili kimeligawa neno hilo mara mbili. Kwa mazingira na maendeleo husemwa 'endelevu', neno litokanalo na kuendelea, na mzizi wake ni kwenda. Kwa deni la Taifa husemwa 'himilivu', yaani linaloweza kubebwa. Pengine hili la pili liko karibu zaidi na Kilatini, maana 'endelevu' huonyesha mwendo tu, wala halionyeshi kinachoubeba mwendo huo. Hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea: hudhani kwamba jambo lisilo endelevu ni lile linalokwenda vibaya. Sivyo. Jambo laweza kustawi sana leo, likaleta faida na ajira, na bado likawa si endelevu.

Hesabu ndogo itasaidia. Uchukuliwe msitu wa kubuni wenye meta za ujazo 10,000 za miti, ukuao kwa asilimia 3 kila mwaka. Mwaka wa kwanza huongeza meta 300. Wakikata 300, msitu hubaki ulivyo. Wakikata 400, hubaki 9,900, na hakuna atakayeuona upungufu huo kwa macho. Lakini mwaka wa pili msitu huongeza meta 297 tu, na mwaka wa tatu chini ya hapo, ilhali shoka halipunguzi kitu. Nusu ya kwanza ya msitu huchukua miaka 31 kwisha. Nusu ya pili huchukua 16 tu. Darasa lenye kikokotoo laweza kulithibitisha hilo katika kipindi kimoja, na inafaa lifanye hivyo, kwa kuwa kasi ya miaka ya mwisho huwashangaza hata wazuri wa hesabu.

Wazo hili si geni. Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa machimbo ya Saxony katika Ujerumani, alilieleza katika kitabu chake cha misitu cha mwaka 1713. Tanuri za kuyeyushia madini ya fedha zilikuwa zikila kuni kuliko misitu ilivyoweza kutoa, naye akataka ukataji ulingane na uotaji. Neno la Kijerumani alilolitumia ndilo lililozaa msamiati wa leo wa lugha hiyo kuhusu uendelevu. Mwaka 1987 Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway ililieneza wazo hilo duniani kote, kwa kusisitiza kwamba mahitaji ya watu wa leo yasitimizwe kwa kuwanyima wajao uwezo wa kutimiza yao.

Kuna neno jingine lichanganywalo na hili: 'renewable', yaani jadidifu. Hilo hueleza tabia ya kitu chenyewe. 'Endelevu' hueleza namna kitumiwavyo. Samaki ni rasilimali jadidifu, kwa kuwa huzaliana. Hata hivyo huweza kuvuliwa kwa namna isiyo endelevu.

Kisa cha Newfoundland, mashariki ya Kanada, chatosha. Huko kwa takriban karne tano watu walimvua samaki aitwaye 'cod', ambaye baadhi ya kamusi humwita chewa, ingawa chewa wa pwani ya Afrika Mashariki ni samaki mwingine kabisa. Tangu miaka ya 1950 zikaja meli kubwa zenye nyavu za kukokota na mitambo ya kugandisha samaki humo humo. Mwaka 1968 zilivuliwa tani zaidi ya 800,000, na mtu angeweza kuuita huo mwaka wa neema. Baadaye akiba ilipopungua, samaki waliosalia walijikusanya mahali pachache, na vyombo vya kuwatafuta viliwafikia huko. Hivyo nyavu za meli kubwa ziliendelea kujaa wakati bahari ikizidi kuwa tupu, na makisio yaliyotegemea mavuno hayo yakawa makubwa mno. Wavuvi wadogo wa pwani, ambao samaki hawakuwafikia tena, walilalamika mapema.

Tarehe 2 Julai, 1992, Serikali ya Kanada ilipiga marufuku uvuvi huo wa biashara. Watu wapatao 30,000 walipoteza kazi. Marufuku ilitangazwa kuwa ya miaka 2. Iliondolewa mwaka 2024, baada ya miaka 32, na kiwango kilichoruhusiwa mwaka huo kilikuwa tani 18,000.