Kompyuta ya Nyumbani na Wageni Tuliowakaribisha Bila Kujua



Wasomaji wetu watukufu, kina mama, kina baba na vijana wa majumba yetu, juma hili nataka kuwasimulia jambo lililonifika mimi mwenyewe ndani ya nyumba yangu, nami naona haya kidogo kulisimulia. Nalisimulia kwa sababu naamini halikunifika peke yangu, na kwa sababu aliyedhulumiwa ndani yake alikuwa mtoto.

Alhamisi moja baada ya sala ya alasiri, kina mama wa darsa walikuwa wamekusanyika ukumbini kwetu. Ahli yangu akaifungua kompyuta ya nyumbani ili wasikilize darsa iliyorekodiwa. Hazikupita dakika tano, pembeni mwa kioo pakachomoza kidirisha chenye picha ya mwanamke asiye na staha, na maneno ambayo kalamu hii haitayaandika. Akakifunga, kikaja kingine. Akakifunga hicho, vikaja viwili. Mwishowe akaizima mashine yenyewe, nao wageni wakajifanya hawakuona kitu, kama ilivyo adabu ya watu wetu.

Nyumbani tuna kijana wa kidato cha tatu, ambaye wakati huo alikuwa likizoni. Usiku ule nilimwita na kumuuliza amekuwa akitazama nini katika kompyuta. Akasema, "Baba, wallahi si mimi." Nilimwambia asiniongezee kosa la pili juu ya la kwanza. Akanyamaza, na kimya chake nikakihesabu kuwa ni kukiri. Nikamzuilia kompyuta wiki mbili nzima, ilhali alikuwa akiitumia kudurusu masomo yake.

Baada ya wiki hizo mbili akatuzuru mpwa wangu, ambaye kazi yake ni kutengeneza kompyuta. Nikamwomba aitazame ile mashine. Akaketi, akasema, "Mjomba, kabla hatujafuta kitu, hebu tutazame tarehe." Akafungua orodha ya programu zote zilizomo na kuipanga kwa tarehe za kuingizwa. Programu tatu ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyezijua zilikuwa zimeingia siku moja, Jumatano, katikati ya muhula. Siku hiyo mwanangu alikuwa bwenini, shuleni kwao. Aliyekuwa nyumbani akiitumia kompyuta nilikuwa mimi. Nikakumbuka: nilikuwa nikitafuta programu ya bure ya kulipunguza ukubwa faili la hotuba ya Ijumaa lipate kutumwa kwa simu.

Wameingiaje?

Mpwa wangu alinieleza kwamba wageni wa namna hii huingia kwa milango mikubwa miwili, na milango yote miwili niliwafungulia kwa mkono wangu.

Mlango wa kwanza ni programu za bure zilizofungwa bunda moja na nyingine usizoziomba. Unapoiingiza ile unayoitaka, hutokea ukurasa baada ya ukurasa, na kila ukurasa una kisanduku kidogo ambacho tayari kimetiwa alama ya kukubali. Mwenye haraka hubonyeza "Next", kisha "Next", kisha "Next", kama nilivyofanya mimi. Kumbe kila alipobonyeza aliridhia kuingiziwa kitu kingine: kimoja cha matangazo, kimoja cha kubadilisha ukurasa wa mwanzo wa kivinjari, na kimoja cha kufuatilia anakokwenda katika intaneti.

Mlango wa pili ni ruhusa ya kutuma arifa. Tovuti humwambia mtu abonyeze neno "Allow" ili athibitishe kwamba yeye si roboti, au ili video ianze. Kubonyeza huko hakuthibitishi lolote. Kunaipa tovuti ile idhini ya kumpelekea vidirisha pembeni mwa kioo wakati wowote kivinjari kinapofanya kazi, hata kama ile tovuti ameshaifunga zamani. Ndiyo sababu vile vidirisha vilikuja mbele ya kina mama, ingawa aliyekuwa akitumia kompyuta alikuwa hakufungua ila darsa.

Inafaa pia tujue kwamba hata walioanzisha mambo haya wapo waliojuta. Mmarekani Ethan Zuckerman, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Tripod miaka ya 1990, aliandika programu iliyofungua tangazo katika dirisha lake peke yake, mojawapo ya zile za mwanzo kabisa. Lengo lilikuwa tangazo lisionekane kuwa limeungana na ukurasa ulio chini yake. Mwaka 2014 aliandika waziwazi katika gazeti la The Atlantic akaomba radhi kwa yaliyozaliwa na kazi ile.

Namna ya kuwatoa

Nayaandika kwa mpangilio aliotuonyesha mpwa wangu, katika kompyuta inayotumia Windows 10 au Windows 11. Hakuna hata moja linalohitaji malipo.

Kwanza, hifadhi amana zako. Nakili picha, vyeti na maandishi ya watoto katika diski ya nje, kisha uichomoe. Usinakili programu.

Pili, futa ruhusa za arifa. Katika kivinjari cha Chrome bonyeza nukta tatu zilizo juu kulia, fungua "Settings", kisha "Privacy and security", kisha "Site settings", kisha "Notifications". Utaona orodha ya tovuti zilizopewa idhini. Kila usiyoijua iondoe. Edge na Firefox zina sehemu kama hiyo ndani ya mipangilio yao. Kwa nyumba nyingi, hatua hii pekee hunyamazisha sehemu kubwa ya vidirisha.

Tatu, kagua viongezo vya kivinjari, yaani vile vipande vinavyobandikwa juu ya kivinjari ili kukipa kazi za ziada. Katika nukta tatu zile zile tafuta "Extensions". Kisichojulikana na mtu yeyote wa nyumbani, kiondoe.

Nne, ondoa programu ngeni. Fungua "Settings" ya kompyuta yenyewe, kisha "Apps", uipange orodha kwa tarehe. Iandike tarehe hiyo mahali kabla ya kufuta, maana itakufaa kwa jambo nitakalolisema mwishoni. Jina ambalo hulijui lisikuhimize kulifuta papo hapo, kwani baadhi ni za kuendeshea spika au printa. Uliza kwanza, kisha uondoe. Programu ikikataa kutoka, iwashe upya kompyuta huku umeshikilia kitufe cha Shift, ufuate maelezo hadi hali ya usalama iitwayo "Safe Mode", kisha ujaribu tena.

Tano, mwite mlinzi uliye naye tayari. Windows huja na kinga yake iitwayo Microsoft Defender. Tafuta "Windows Security", ufungue "Virus & threat protection", usasishe, kisha chini ya "Scan options" uchague "Full scan". Uchunguzi huo waweza kuchukua saa kadhaa, basi uanze baada ya isha uuache. Ukimalizika, chagua na ule uchunguzi wa "offline", ambao huizima kompyuta na kuikagua kabla Windows haijaamka. Huo huchukua takriban dakika 15, nao huwakamata wanaojificha. Ukitaka jicho la pili, programu ya AdwCleaner ya kampuni ya Malwarebytes ni ya bure, lakini ipakue kutoka tovuti ya kampuni yenyewe. Wengi hudanganyika kwa kutafuta dawa na kuchukua sumu yenye jina la dawa.

Sita, kirejeshe kivinjari katika hali yake ya asili kwa kutafuta "Reset settings" ndani ya mipangilio yake.

Saba, ukishasafisha, badilisha maneno yako ya siri, ukianza na la barua pepe, kwa kutumia simu au kompyuta nyingine iliyo safi.

Kikichomoza kidirisha kikilia kwamba kompyuta yako imeharibika na kukutaka upige nambari fulani ya simu, usipige. Microsoft yenyewe imetangaza kwamba maonyo yake hayabebi nambari za simu. Wala usimpe mtu wa namna hiyo namba yako ya siri ya M-Pesa, hata akijitambulisha kwa jina la kampuni gani. Na mwenye Windows 10 ajue kwamba msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo ni vyema ahamie Windows 11 ikiwa mashine yake inaikubali.

Jasusi asiyeonekana

Vidirisha vya matangazo ni adui mwenye kelele. Hatari zaidi ni programu ya kijasusi, ambayo husudi lake ni kutoonekana kabisa. Iko inayorekodi kila herufi unayoibonyeza, likiwemo neno la siri. Iko inayopiga picha za kioo, na iko inayosoma barua. Wakati mwingine huletwa na wezi wa mbali, na wakati mwingine, tuseme kweli, huwekwa na mtu wa humo humo nyumbani: mume kwa mkewe, mke kwa mumewe, ndugu kwa dada yake.

Dini yetu imetufundisha tusiingie nyumba ya mtu hadi tubishe hodi na kutoa salamu, kama ilivyo katika Suratun Nur, aya ya 27. Sanduku la barua la mtu nalo ni chumba chake. Hapa Kenya, kuingia kompyuta ya mwingine bila idhini ni kosa pia chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018. Kumlinda mtoto mdogo kwa uangalizi anaoujua ni jambo moja, na kumpeleleza mtu mzima kwa siri ni jambo jingine.

Dada yangu unayesoma haya, ikiwa unahofu kwamba kuna anayekupeleleza naye ni mtu unayemwogopa, usiharakie kuifuta programu hiyo, kwa maana kutoweka kwake kutampa habari, na hasira zake zaweza kukuangukia. Usitafute msaada kwa kompyuta hiyo hiyo wala kwa simu anayoweza kuifikia. Nenda kwa mtu unayemwamini, utumie simu yake, mpange usalama wako kwanza. Mashine itasafishwa baadaye.

Kabla ya kunyoosha kidole

Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, makatazo ya kudhaniana vibaya na ya kupelelezana yamewekwa pamoja. Miaka mingi nimeifundisha aya hiyo, na nilikuwa nikiyaeleza kama mambo mawili yaliyokaribiana tu. Katika kisa hiki niliyaona yakikutana juu ya meza moja: programu zile zilikuwa zikipeleleza nyumba yangu, na mimi nilikuwa nikimdhania mwanangu ubaya kwa sababu yake.

Kompyuta inayotumiwa na watu wengi haisemi ni nani aliyekosea. Kidirisha chenye uchafu si ushahidi kwamba aliyeketi mbele yake ameutafuta uchafu huo. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, jambo kama hili likikufika, tazama kwanza orodha ya arifa, kisha tazama tarehe ya programu zilizoingia, kisha ujiulize siku hiyo nani alikuwa nyumbani. Likibaki la kumuuliza mtoto baada ya hapo, muulize kwa upole, na umpe nafasi ya kujibu.

Jioni ile ile nilimwita mwanangu, na mbele ya mama yake na binamu yake nikamwambia kwamba aliyekosa ni mimi, na kwamba aliapa kweli nami nikamkadhibisha. Nikamwomba anisamehe. Aliinama, akasema, "Yamekwisha, Baba." Kisha akaniuliza kama anaweza kuitumia kompyuta sasa, maana hesabu zake zimembakia. Ahli yangu naye Alhamisi iliyofuata aliwaeleza kina mama wa darsa habari yote, kwa idhini yangu, ili lisibaki moyoni mwa yeyote neno juu ya kijana wetu. Wawili kati yao wakasema kwamba makwao pia vidirisha vile vimekuwa vikija, na kwamba kila mmoja alikuwa ameshamshuku mtu.

Siku hizi, kabla ya yeyote wetu kuingiza programu mpya katika kompyuta ile, humwita mwingine asome naye kila ukurasa. Mimi humwita mwanangu.

Wabillahi tawfiq.