Mgeni Njoo, Mwenyeji Yuko Wapi?

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tumelelewa nayo sote. Mgeni akibisha hodi, jiko linachangamka, kuku anachinjwa, watoto wanakula wali katikati ya juma, na mama mwenyewe anapata sababu ya kuketi na kuzungumza. Lakini itakuwaje mgeni akifika na kukuta nyumba imefagiliwa, vitanda vimetandikwa, ufunguo uko ndani ya kisanduku kando ya mlango, na mwenyeji hayupo? Na itakuwaje kama nyumba ya jirani nayo ni hivyo hivyo, na ya tatu pia?

Swali hili linawagusa sana wenzetu wa pwani moja ya Uskoti iitwayo East Neuk. Pwani hiyo ina vijiji vya kale vya wavuvi na nyumba nzuri za mawe, ambazo nyingi sasa hukodishwa kwa wageni wa likizo. Tumeona vema, mama msomaji, tukueleze habari zake, kwa kuwa ndani yake mna historia ya wanawake wenye mikono migumu, na mna funzo kwa kila anayetunza nyumba.

Pembe ya mashariki

Katika lugha ya Waskoti, neno "neuk" maana yake ni pembe. East Neuk ni pembe ya mashariki ya mkoa wa Fife, mahali ambapo mlango wa mto Forth unakutana na Bahari ya Kaskazini, ng'ambo ya jiji la Edinburgh. Ukitoka magharibi kwenda mashariki utapita Elie na Earlsferry, kisha St Monans, Pittenweem, Anstruther na mwisho Crail. Vijiji hivyo vimeunganishwa na njia ya miguu inayofuata ukingo wa bahari, na mtu mwenye viatu vizuri anaweza kutembea kutoka kimoja hadi kingine.

Nyumba zenyewe ni za mawe mazito, nyingi zimepakwa chokaa au rangi nyeupe. Ncha za kuta za ubavuni hupanda kama vidato vya ngazi mpaka kileleni, na mapaa yamefunikwa kwa vigae vyekundu. Zamani Fife ilifanya biashara kubwa ya makaa, chumvi na samaki na nchi za upande wa Uholanzi. Wenyeji husimulia kwamba merikebu zilizorudi bila mzigo wa kutosha zilibeba vigae ili zisiyumbe baharini, na ndivyo vigae vyekundu vilivyofika katika mapaa ya wavuvi.

Nyumba kadhaa zina ngazi ya mawe nje, upande wa barabara. Ngazi hiyo haikuwa pambo. Chini palikuwa ghala la nyavu, kamba na mapipa, na juu ndiko familia ilikoishi. Leo mgeni hupiga picha kwenye ngazi hiyo, lakini zamani ilikuwa njia ya mama kupandisha maji na kuni, na kuteremsha chambo.

Mikono iliyozishika nyumba hizi

Watu husema vijiji hivi vilijengwa na wavuvi. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Kabla mume hajaenda kuvua kwa mishipi mirefu, ilibidi ndoana zote zitiwe chambo, na mshipi mmoja uliweza kuwa na ndoana zaidi ya elfu moja. Kazi ya kubandua kome katika maganda na kuwatia katika ndoana ilikuwa ya mke na watoto, tena alfajiri na katika baridi. Katika sehemu za pwani ya Uskoti ambazo hazikuwa na gati, mke alimbeba mumewe mgongoni hadi kwenye mashua, ili asianze safari na viatu vilivyolowa. Jambo hilo linaweza kutuchekesha, lakini mtu mwenye miguu iliyolowa juu ya Bahari ya Kaskazini wakati wa baridi alikuwa hatarini kweli kweli.

Kisha kulikuwa na heringi, samaki mdogo wa rangi ya fedha, ndugu wa dagaa wa baharini. Mwanzoni mwa karne ya 20 heringi wa Uskoti walitiwa chumvi katika mapipa na kupelekwa Ujerumani, Urusi na nchi za jirani zake. Walioshika kazi hiyo ya nchi kavu ni wanawake. Walifanya kazi watatu watatu: wawili wakitumbua na mmoja akipanga samaki katika pipa, tabaka la samaki na tabaka la chumvi. Msichana stadi aliweza kutumbua hata samaki 60 kwa dakika moja. Kisu kilikuwa kikali na chumvi ilichoma, kwa hiyo kila asubuhi walifunga vidole vyao kwa vitambaa. Makanisa yalifungua vituo vya kuwafunga vidonda katika bandari walikofanya kazi.

Mwajiri aliwapa arabuni kabla ya msimu, neno tunalolijua vema kutoka katika nyaraka za Mtakatifu Paulo. Aliyepokea arabuni alikuwa amefungwa kwa neno lake. Waliwafuata samaki kutoka visiwa vya Shetland kaskazini mpaka Great Yarmouth upande wa kusini, mashariki mwa Uingereza, kila mmoja na sanduku lake la nguo. Hata walipokuwa wakisubiri mashua walifuma sweta, mikono haikupumzika. Wala hawakuwa watu wa kuonewa kimya kimya: mwaka 1936 waligoma huko Great Yarmouth wakidai malipo bora kwa kila pipa. Fedha walizorudi nazo zilinunua vyombo, zililipa madeni na kuwasaidia kuanza maisha ya ndoa. Kwa hiyo ukiona nyumba ya mawe imesimama imara ukingoni mwa bahari, ujue kwamba chumvi ya mikono ya mwanamke imo katika kuta zake.

Chumba cha mbele kwa mgeni

Wengine hudhani kukodisha nyumba kwa wageni ni jambo geni lililoletwa na simu na kompyuta. Sivyo. Reli ilifika Anstruther mwaka 1863, na baada ya hapo familia za mijini zilianza kuja kupunga hewa ya bahari wakati wa kiangazi. Akina mama wa pwani za Uskoti wakaona riziki. Waliosha mapazia, wakapiga deki, wakawaachia wageni vyumba vizuri vya mbele. Wao wenyewe, pamoja na mume na watoto, walihamia nyuma, katika chumba cha kufulia au kibanda cha uani, mpaka msimu uishe.

Bila shaka haikuwa raha. Jaribu kufikiria kupika na kulaza watoto katika kibanda kwa majuma kadhaa! Lakini mgeni alimjua mwenye nyumba kwa sura na kwa jina. Aliuliza samaki mzuri wauzwa wapi, akajibiwa. Kodi iliingia katika mfuko wa mama yule yule na ikatumika katika duka la pale pale. Majira ya baridi yalipofika, familia ilirudi katika vyumba vyake na taa ikawaka dirishani. Hapo ndipo methali yetu ilipotimia: mgeni alikuja, na mwenyeji akapona.

Mawe yaliyookolewa

Katika miaka ya 1940 heringi wa majira ya baridi walitoweka katika maji ya Forth. Kazi ikapungua na vijana wakahama. Nyumba za kale zilianza kubomoka, nyingine hazikuwa na choo wala maji ndani, na palikuwa na mawazo ya kuzivunja. Mwaka 1965 treni za abiria katika pwani hiyo nazo zilisimamishwa.

Hata hivyo, mwaka 1960 shirika la National Trust for Scotland, ambalo hutunza urithi wa taifa, lilianza mpango ambao jina lake kwa lugha yetu ni Mpango wa Kuboresha Nyumba Ndogo. (Usishtuke, mama! Hii siyo ile nyumba ndogo inayowanyima wake usingizi.) Mpango ulikuwa wa busara na rahisi kueleweka. Shirika lilinunua nyumba mbovu, likaitengeneza kwa kufuata sura yake ya kale, likaiuza kwa masharti kwamba mnunuzi asiiharibu sura hiyo, kisha kwa fedha zile likanunua nyingine. Ni kama akina mama wanaozungusha fedha za mchezo: kiasi ni kile kile, lakini kila mmoja anapata zamu. Kwa njia hiyo nyumba nyingi zilipona katika Pittenweem, Crail, St Monans na kwingineko.

Mwaka 1969 Makumbusho ya Uvuvi ya Uskoti yalifunguliwa bandarini Anstruther. Hapo mgeni huona mashua, nyavu, na pia zana za wale wanawake wa heringi. Huko St Monans kanisa la karne ya 14 bado limesimama karibu sana na mawimbi, na mfano wa merikebu unaning'inia ndani yake. Pittenweem bado ina bandari ya wavuvi, ingawa siku hizi wanatafuta zaidi kamba na kaa. Tangu mwaka 1982 kijiji hicho pia kina tamasha la sanaa, ambapo wachoraji huonyesha kazi zao hata sebuleni mwao.

Madirisha yenye giza

Hapa ndipo ugumu ulipo. Nyumba zilizopendezeshwa zilipendwa, na kilichopendwa na wengi kilipanda bei. Watu wa mijini wenye uwezo walizinunua kwa ajili ya likizo, au kwa ajili ya kuzikodisha kwa juma juma. Elie na Earlsferry ni miongoni mwa sehemu za Fife zenye nyumba nyingi za namna hiyo. Binti aliyezaliwa kijijini akiolewa na kijana wa bandarini, wawili hao hushindana sokoni na mtu anayenunua nyumba yake ya pili. Mara nyingi hushindwa, wakapanga mbali na wazazi. Na bibi aliyebaki hana mjukuu wa kumtuma dukani wala jirani wa kumjulia hali usiku wa dhoruba.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Nyumba za wageni zinawapa kazi wafagiaji, mafundi, wauza samaki na wenye migahawa, na mwenyeji anayekodisha chumba cha ziada anasomesha watoto. Serikali ya Uskoti imejaribu kupima pande zote mbili. Mwaka 2022 ulianza utaratibu wa leseni kwa kila anayekodisha nyumba kwa muda mfupi, na waliokuwa tayari katika kazi hiyo walitakiwa kuomba kabla ya tarehe 1 Oktoba 2023. Nyumba lazima iwe na ving'amua moshi na usalama wa gesi na umeme, na tangazo lake lionyeshe namba ya leseni. Tena, Aprili 2024 halmashauri ziliruhusiwa kutoza nyumba ya pili kodi hata maradufu. Wapo wanaosema sheria hizo zinawaumiza hata wenyeji wadogo wenye chumba kimoja, na wapo wanaosema zimechelewa. Lakini wote wanakubali kwamba kijiji hakiwezi kuishi kwa kuta peke yake.

Tujifunze nini?

Baadhi ya wasomaji wetu wanaishi Uingereza na familia zao, au wana watoto huko. Mkipata nafasi ya kwenda East Neuk wakati wa shule kufungwa, nendeni, watoto watafurahi. Tafuteni tangazo lenye namba ya leseni. Kama mwenye nyumba anaishi kijijini, ni bora zaidi. Nunueni samaki bandarini na mkate katika duka la hapo, badala ya kubeba kila kitu kutoka mjini. Siku ya mvua, na mvua haitakosa, wapelekeni watoto makumbusho ya Anstruther, mkawaonyeshe binti zenu vile visu vidogo vya kutumbulia. Na mkiweza, nendeni wakati wa baridi, wageni wanapokuwa wachache na muuza duka ana nafasi ya kuzungumza.

Nasi tuliobaki nyumbani tuna la kujiuliza. Wengi wetu tuna nyumba ya wazazi au ya wakwe mahali fulani, nayo siku moja itajadiliwa na ndugu: iuzwe, ipangishwe au ifungwe? Si vibaya kuipangisha, na pengine kodi ndiyo itakayoitengeneza paa. Lakini kabla ya kuhesabu fedha, akina mama, tuhesabu watu. Nani atawasha taa humo jioni? Yule bibi wa nyumba ya pili atamwita nani akiugua? Watoto wetu watalala wapi wakitaka kuona alikozaliwa nyanya yao? Watu wa East Neuk waliokoa kuta kwanza, na sasa wanahangaika kuokoa jamaa za kukaa ndani yake. Sisi bado tunaweza kuyafikiria mambo hayo mawili pamoja, tena mapema, wakati wazee wetu wangali hai na wanaweza kukaa nasi tukazungumza.