"Mchezaji Bora" na "Mchezaji wa Thamani"

Wafasiri wengi wa habari za michezo huiita "tuzo ya mchezaji bora" ile tuzo ambayo Wamarekani huitaja kwa herufi MVP. Katika kandanda tafsiri hiyo hupita bila kuulizwa. Katika besiboli hupotosha, kwani hulijibu swali ambalo wenye mchezo wenyewe hawajalimaliza.

Tangu 1931 tuzo hii hutolewa kwa kura za Chama cha Waandishi wa Besiboli cha Marekani. Maelekezo ya kura humtaka mwandishi apime thamani ya mchezaji kwa timu yake, kisha hukiri kwamba thamani hiyo haina fasili dhahiri. Kila mpiga kura ajiamulie. Basi fasili imeachwa wazi kwa makusudi.

Tutazame mwaka 1947 katika Ligi ya Amerika. Ted Williams wa Boston aliongoza ligi kwa wastani wa kupiga (.343, yaani mapigo 343 yaliyofaulu katika kila nafasi 1,000 zinazohesabiwa), kwa mipigo 32 ya kuzunguka vituo vyote, na kwa mikimbio 114 iliyopatikana kwa mapigo yake. Joe DiMaggio wa New York alipata .315, 20 na 97. Hata hivyo DiMaggio ndiye aliyetuzwa, kwa pointi 202 dhidi ya 201. Timu yake ilikuwa bingwa wa ligi; ya Williams ilikuwa ya tatu. Mwaka 1941 pia Williams, kwa wastani wake wa .406, alishindwa na DiMaggio, aliyekuwa amepiga kwa mafanikio katika michezo 56 mfululizo. Msomaji aliyeambiwa "mchezaji bora" ataona kwamba waandishi wale hawakujua hesabu. Huenda wengine walikuwa na chuki zao, lakini ubishi uliobaki hadi leo ni wa neno: je, thamani ni ustadi wa mtu, au ni ushindi aliouletea timu?

Ilipendekezwa kwetu "mchezaji tegemeo". Ni neno tamu, ila nalo lina upande: mtu huweza kuwa tegemeo la timu dhaifu kwa kuwa tu wenzake hawafai. "Bora" humpa Williams tuzo. "Tegemeo" huwapa wabishi wengine hoja wasiyoiomba. Sisi twachagua "mchezaji wa thamani kuu".

Yapo malalamiko kwamba "thamani" hunuka sokoni, na kwamba msomaji atadhani ni mchezaji aliyenunuliwa ghali. Hofu hiyo ina haki, hasa siku hizi za uhamisho wa mabilioni. Lakini Mswahili husema "rafiki wa thamani" bila kuwaza bei. Penye shaka, mfasiri aongeze "kwa timu yake".

Na wanaoandaa vyeti vya "mfanyakazi bora" kwa ajili ya Mei Mosi, wao wanapima lipi kati ya hayo mawili?