Haidrenjia: Ua la bustani linaloweza kuingiza fedha kwa miche

WAKULIMA wa wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, wamezoea mahindi, maharage, ngano na vitunguu saumu. Hata hivyo, ubaridi wa maeneo yao ya miinuko unaifaa pia haidrenjia, ua lenye asili ya Japani na vichwa vikubwa vya rangi ya bluu au waridi.

Wateja wa kufikiriwa kwanza ni hoteli za watalii zenye bustani katika wilaya jirani ya Karatu. Zungumza nao kabla ya kuotesha, kwani mche usio na mnunuzi ni hasara.

Mtaji wa kuanzia ni mdogo. Kata vijiti vya sentimeta 10 hadi 15 kwenye matawi yasiyo na ua, ondoa majani ya chini, kisha chomeka kwenye viriba vyenye udongo na mchanga, kivulini. Mizizi hutoka baada ya wiki chache.

Gharama kubwa ni maji. Juni hadi Oktoba ni kiangazi, hivyo panda panapopata jua la asubuhi tu, na utandaze mabua ya ngano kuhifadhi unyevu. Kama maji hayatoshi hata vitunguu, usianze.

Rangi hutegemea udongo: wenye tindikali hutoa bluu, usio na tindikali hutoa waridi. Maua yakinyauka, kata vichwa tu. Ukifyeka matawi utakosa maua ya msimu ujao.

Wafugaji wazingatie kuwa majani yake yana sumu. Weka uzio, na masalia ya kupogoa usiwape ng'ombe wala mbuzi.